Tanga Lisilolegezwa: Jeni ya FCGR2B, malaria ya pwani na ugonjwa wa lupasi

Vanga ni mji wa wavuvi ulio karibu kabisa na mpaka wa Kenya na Tanzania, mahali ambapo mto Umba, unaoteremka kutoka milima ya Usambara, unamwaga maji yake baharini katikati ya msitu wa mikoko, na ambapo maji ya bamvua hupanda hadi karibu na nyumba na kuacha madimbwi ya chumvichumvi pindi bahari inapokupwa. Madimbwi ya aina hiyo kwenye pwani hii ni mazalio ya mbu aitwaye anofelesi merusi, ambaye tofauti na jamaa zake wa bara hustahimili chumvi, ilhali maji baridi ya mito na ya mvua za masika huwalea anofelesi gambiae na anofelesi funestasi. Kwa hiyo malaria katika ncha hii ya Kwale haikuwa mgeni wa msimu mmoja. Ilikaa na Wavumba, Wadigo na Wasegeju kwa vizazi visivyohesabika, ikawaua watoto wengi kabla hawajatimiza miaka mitano, na kwa kufanya hivyo ikaacha alama katika urithi wa waliobaki. Makala haya yanahusu alama mojawapo, iliyogunduliwa kwa watoto wa upande wa kaskazini wa pwani hiyohiyo, ambayo inaelekea kuonyesha kwamba kinga inayomwokoa mtoto na homa kali ndiyo hiyohiyo inayoweza kumgeukia akishakuwa mtu mzima.

Wazo kwamba malaria huchagua nani aache uzao na nani asiache si geni katika Afrika Mashariki, kwa kuwa hapa ndipo lilipopata ushahidi wake wa kwanza ulio imara. Anthony Allison, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alishiriki katika safari ya utafiti ya Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1949 na akaona kwamba jeni ya selimundu, yaani ile inayozipinda seli nyekundu za damu mithili ya mundu, ilikuwa ya kawaida kwa watu wa pwani na wa kando ya Ziwa Viktoria, lakini ilikuwa adimu katika nyanda za juu zenye baridi na zisizo na mbu wengi. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mtu aliyerithi nakala moja ya jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja hupata hifadhi dhidi ya malaria, ingawa aliyerithi nakala mbili huugua vibaya. Miongo kadhaa baadaye, watafiti wa Kilifi, upande wa kaskazini wa pwani hiyohiyo ya Kenya, waliipima hifadhi hiyo na kuikuta kubwa mno, kiasi cha asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Jeni, kwa maelezo mafupi, ni kipande cha maagizo ya urithi kinachoielekeza seli namna ya kuunda protini fulani. Na selimundu inafundisha kwamba badiliko dogo katika agizo moja linaweza kuwa neema mahali penye ugonjwa na balaa tupu mahali pasipo nao.

Hata hivyo, selimundu huibadilisha nyumba ambamo kimelea wa malaria anaishi, yaani seli nyekundu. Jeni iitwayo FCGR2B inagusa jambo jingine kabisa, nalo ni namna askari wa mwili wanavyopewa amri, na hasa amri ya kutulia.

Jeni hii ipo katika mkono mrefu wa kromosomu ya kwanza, na protini inayotokana nayo ni kipokezi, yaani molekuli iliyochomekwa katika utando wa seli, sehemu yake moja ikiwa nje kupokea habari na nyingine ikiwa ndani kuifikisha. Ili kuelewa habari inayopokelewa, yafaa kwanza kuitazama kingamwili, ambayo ni protini inayoundwa na mwili ili kumkamata adui fulani. Kingamwili ina umbo la panda ya manati: mikono miwili ya panda hiyo humshika adui, na mpini wake hubaki nje ukining'inia. Seli nyingi za kinga zina vipokezi vinavyoushika mpini huo, na takriban vyote vikishaushika huiambia seli neno moja, kwamba ishambulie, imeze, imwage sumu zake. Miongoni mwa vipokezi vya kawaida vinavyoushika mpini wa kingamwili za kundi la G, ambazo ndizo nyingi zaidi katika damu, ni kimoja tu kinachosema kinyume, nacho ni hicho kinachotengenezwa kwa maagizo ya FCGR2B.

Namna kinavyosema neno hilo inastahili kuelezwa kwa utulivu, maana humo ndimo lilimo suala lote. Seli B, ambazo ndizo chimbuko la watengenezaji wa kingamwili, hushtuka zinapokutana na adui zinayemtambua, na mshtuko huo husafiri ndani ya seli kwa njia ya alama za fosfeti zinazobandikwa kwenye mafuta ya utando na kwa kumiminika kwa madini ya kalisi. Lakini ikiwa adui huyo tayari amezungukwa na kingamwili, basi seli inamshika yeye kwa kipokezi chake cha kushtuka na wakati huohuo inaushika mpini wa kingamwili kwa kipokezi cha FCGR2B, na vipokezi hivyo viwili vinavutwa pamoja. Vikikaribiana, mkia wa kile cha pili hubandikwa fosfeti upande wa ndani, na alama hiyo humwita mfanyakazi mmoja, kimeng'enya kinachojulikana kwa jina la SHIP, ambaye huibandua fosfeti moja kutoka kwenye mafuta yaliyokuwa yakibeba habari ya mshtuko. Kalisi huacha kumiminika, na seli hutulia. Mwili, kwa maneno mengine, umeambiwa kwamba kingamwili zilizopo zinatosha. Baharia yeyote wa Vanga anaijua hekima hiyo kwa njia yake, kwa kuwa upepo wa kusi ukizidi nguvu, chombo huokolewa kwa kulegeza demani, ile kamba ya kukazia tanga, ili upepo upite na mashua isipinduke.

Kipokezi hicho hakiko kwa seli B peke yake. Kipo pia kwa makrofaji, ambazo ni seli kubwa zinazowameza wavamizi, na huko kazi yake ni kupunguza uroho wa kumeza na ukali wa kemikali zinazotolewa baada ya kumeza. Mwaka 2004 Menna Clatworthy na Kenneth Smith wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwa panya kwamba wanyama waliokosa kipokezi hiki waliwaua bakteria kwa ufanisi zaidi, lakini bakteria walipokuwa wengi sana, panya haohao walizidiwa na mfuro wa mwili wao wenyewe.

Sasa, protini ni mnyororo wa viungo vidogo vinavyoitwa asidi amino, na katika kipokezi hiki kiungo cha 232 kimo katika ile sehemu inayopenya utando wa seli. Watu wengi wana hapo kiungo kiitwacho aisolusini, ambacho hupatana na mafuta ya utando. Wengine wana threonini, ambacho hakipatani nayo vizuri. Tofauti ni ya herufi moja tu katika maagizo ya jeni. Lakini mwaka 2005 ilidhihirika kwamba kipokezi chenye threonini hushindwa kujikusanya katika yale maeneo mazito ya utando ambayo yanafanana na visiwa vya mafuta, na ambamo ishara za kushtuka na za kutulia hukutana. Uchunguzi wa baadaye umeongeza kwamba kipokezi hicho pia huinama kuelekea utando, hivyo mkono wake wa nje hauushiki vyema mpini wa kingamwili. Kipokezi kimeundwa na kimefika mahali pake, lakini amri yake haifiki. Ni sawa na demani iliyomo mkononi mwa baharia huku ncha yake ya pili haikufungwa kwenye tanga.

Umbo hili dhaifu hupatikana kwa wingi zaidi kwa watu wa Afrika na wa Asia ya kusini-mashariki kuliko kwa Wazungu, na ni mgawanyo huo uliowafanya watafiti wa Cambridge kutazama ramani ya malaria. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007, wakishirikiana na wenzao wa Kilifi, walionyesha kwamba panya wasio na kipokezi hiki waliwaondoa vimelea wa malaria ya panya haraka zaidi na kuugua kwa ukali mdogo zaidi, na kwamba makrofaji za binadamu zenye umbo la threonini zilimeza kwa wingi zaidi seli nyekundu zilizoingiwa na plasmodiamu falsiparamu, kimelea wa malaria hatari zaidi. Makrofaji hizo pia zilitoa kwa wingi zaidi kemikali ya mfuro iitwayo TNF. Hilo lingeweza kutia wasiwasi, kwa kuwa kemikali hiyo ikizidi huambatana na malaria inayopanda kichwani, ile inayomletea mtoto degedege, ugonjwa ambao watu wa pwani tangu zamani wameuhusisha na ndege kama jina lake linavyodokeza. Ilibidi swali liulizwe kwa watoto wenyewe.

Mahali pa kuliuliza palikuwapo. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, kilichoanzishwa Kilifi mwaka 1989 kando ya hospitali ya wilaya ya wakati huo, kilikuwa kimekusanya kwa miaka mingi kumbukumbu na damu za watoto waliolazwa kwa malaria kali pamoja na za watoto wa vijiji vilevile ambao hawakuugua hivyo. Mwaka 2010 Lisa Willcocks na wenzake, wakiwamo Thomas Williams, Anthony Scott na Norbert Peshu wa Kilifi, walichapisha matokeo: kwa watoto waliorithi nakala mbili za umbo dhaifu, moja kwa baba na moja kwa mama, uwezekano wa kupata malaria kali ulipungua kwa takriban asilimia 44. Wengi wa watoto wa Kilifi ni wa jamii za Mijikenda, ambazo Wadigo wa Kwale ni ndugu zao kwa lugha na kwa asili, na wote wamelelewa katika malaria ileile ya mwambao.

Makala yaleyale ya 2010 yalikuwa na upande wa pili, na ni upande huo unaoifanya habari hii kuwa nzito. Miongoni mwa wagonjwa wa Hong Kong na wa Uingereza, watu wenye nakala mbili za umbo hilohilo walikuwa na uwezekano wa kuugua lupasi ulio mkubwa kwa zaidi ya mara moja na nusu kuliko wengine. Lupasi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili huunda kingamwili dhidi ya seli za mwili wenyewe, hasa dhidi ya vitu vilivyomo ndani ya kiini cha seli, na mafungu ya kingamwili hizo hutuama katika viungo, ngozi, moyo na figo na kuviharibu. Wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake, wengi wao wakiwa katika umri wa kuzaa. Dalili zake ni homa isiyoeleweka, uchovu, maumivu ya viungo, kunyonyoka nywele, wekundu au weusi wa mashavuni unaotanda kama mbawa za kipepeo, na, kwa walio na bahati mbaya, figo zinazokufa kimyakimya. Si vigumu kuona uhusiano wake na kipokezi kisichotuliza: seli B zilizopaswa kuambiwa zinyamaze haziambiwi.

Jambo la haki kusemwa ni kwamba ushahidi wa FCGR2B dhidi ya malaria haujafikia uzito wa ule wa selimundu. Uchunguzi mkubwa wa jenomu nzima uliofanywa na mtandao wa MalariaGEN kwa watu wapatao 17,000 na kuchapishwa mwaka 2019 uliyathibitisha maeneo machache tu, yakiwamo ya selimundu, ya kundi la damu la O na ya glaikoforini zilizo juu ya seli nyekundu, na FCGR2B haimo katika orodha hiyo. Lakini ziko sababu za kutoifuta haraka. Jeni hii imo katika kipande cha kromosomu ambacho zamani za kale kilijinakili, hivyo ina jirani, FCGR2C, anayefanana nayo karibu herufi kwa herufi katika sehemu inayohusika, na mbinu za haraka za kusoma jenomu hushindwa kuwatenganisha pacha hao. Aidha, athari yake hujitokeza kwa wenye nakala mbili peke yao. Kuikosa jeni ya namna hii katika wavu mpana si dalili ya kutosha kwamba haipo. Matundu ya wavu huo yalifumwa kwa ajili ya samaki wa aina nyingine.

Kabla ya jeni hii kujulikana, daktari mmoja alikuwa amekwisha kuuona mgogoro huu kwa macho tu. Brian Greenwood, akifanya kazi Ibadan nchini Nigeria, alichapisha mwaka 1968 hesabu ya wagonjwa zaidi ya 98,000 waliolazwa hospitalini katika muda wa miaka kumi, na miongoni mwao walikuwapo 104 tu wenye magonjwa ya kinga kujishambulia. Alipendekeza kwamba maambukizi ya vimelea, hasa malaria, ndiyo yaliyokuwa yakiituliza kinga, na mwaka 1970 yeye na wenzake walionyesha kwamba panya wa ukoo unaopata ugonjwa unaofanana na lupasi hawakuupata vikali walipoambukizwa malaria ya panya. Hesabu ya Ibadan bila shaka ilipunguzwa na uhaba wa vipimo. Hata hivyo inasimama mkabala na ukweli mwingine ambao hauna shaka: nchini Marekani wanawake wenye asili ya Afrika huugua lupasi mara mbili hadi tatu zaidi ya wanawake Wazungu, na huugua wakiwa na umri mdogo na kwa ukali zaidi. Umaskini na ubaguzi katika matibabu vina sehemu yao katika tofauti hiyo, lakini yaelekea pia kwamba watu hao walivuka bahari wakiwa na kinga iliyokazwa kwa ajili ya malaria, wakafika mahali ambapo malaria iliyoikaza haipo tena.

Uhusiano wa magonjwa haya mawili unajitokeza hata katika sanduku la dawa. Mwaka 1951 daktari Mwingereza Francis Page aliripoti kwamba mepakrini, dawa ya malaria waliyomeza wanajeshi wa Vita Kuu ya Pili, iliwapa nafuu wagonjwa wa lupasi, na kutokana na ugunduzi huo klorokwini na ndugu yake haidroksiklorokwini zikawa msingi wa matibabu ya lupasi hadi leo. Hazifanyi kazi hiyo kwa kuua kimelea chochote. Hupunguza asidi katika vijifuko vya ndani ya seli za kinga na hivyo kuzizuia zisishtushwe na mabaki ya viini vya seli za mwili wenyewe. Klorokwini, ile dawa chungu ambayo kila mtu mzima wa pwani anaikumbuka kwa kuwasha ngozi, iliondolewa kuwa tiba ya kwanza ya malaria nchini Kenya mwaka 1998 kwa sababu vimelea walikuwa wameizoea, ikafuatwa na dawa iitwayo SP, na kisha, kwa uamuzi wa mwaka 2004, na dawa mseto zenye artemisinini.

Isidhaniwe kwamba jeni peke yake ndizo zinazoamua kinga ikazwe au ilegezwe kwa kiasi gani, na ushahidi mzuri wa hilo umetoka Kwale kwenyewe. Kati ya mwaka 2000 na 2005, katika hospitali ya Msambweni, Indu Malhotra, Christopher King na wenzao wa Kenya waliwafuatilia watoto wachanga 586, wakaipima damu ya vitovu vyao na kuendelea kuwachunguza hadi umri wa miaka mitatu. Baadhi ya watoto ambao mama zao walikuwa na malaria wakati wa mimba walizaliwa seli zao zikiwa zimezoeshwa kumvumilia kimelea: badala ya kushtuka, zilitoa intaleukini 10, ambayo ni kemikali ya kutuliza, na watoto hao walikuwa na hatari ya kuambukizwa iliyo juu kwa kiasi cha asilimia 60 wakilinganishwa na wale ambao mama zao hawakuambukizwa. Mtoto wa pwani, basi, huja duniani akiwa na urithi uliochongwa na malaria ya mababu na pia na mazoea yaliyotokana na malaria ya mama yake, na mara nyingine mawili hayo huvuta kila moja upande wake.

Malaria yenyewe, kwa upande wake, imepungua. Idadi ya watoto waliolazwa kwa malaria katika hospitali za Kilifi, Kwale na Malindi ilishuka kati ya mwaka 1999 na mwanzoni mwa 2007, na huko Kwale ilishuka kwa zaidi ya nusu. Vyandarua vyenye dawa na tiba bora vilikuwa na mchango mkubwa, na jitihada hazijakoma: mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Kwale, ambapo jamii zilizopewa ivamektini mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu, dawa inayomfanya mbu afe baada ya kumuuma mtu aliyeimeza, zilikuwa na maambukizi mapya machache kwa asilimia 26 miongoni mwa watoto wa miaka 5 hadi 15. Hizi ni habari za furaha isiyo na kasoro, na hakuna mwenye akili anayeweza kutamani malaria irudi ili kuituliza kinga ya mtu. Lakini jeni hazibadiliki kwa kasi ya vyandarua. Umbo lililoongezeka kwa mamia ya vizazi halipungui katika miaka ishirini, na wanawake watakaozaliwa Vanga, Jimbo na Lunga Lunga katika karne hii watalibeba kwa kiwango walicholibeba bibi zao, huku mzigo wa vimelea ukiendelea kupungua.

Ndiyo maana hatari iliyo karibu zaidi ni ya mazoea ya kitabibu. Katika ukanda ambao kwa karne nyingi homa na maumivu ya viungo yalikuwa na maana moja, mwanamke wa miaka 25 anayefika kwenye kituo cha afya na dalili hizo anaweza kupewa dawa ya malaria mara tatu au nne, hata pale kipimo cha haraka cha damu kinapoonyesha kwamba hana kimelea, na katika miezi hiyo figo zake zikaendelea kuharibika bila kuuma. Kipimo cha kingamwili za lupasi huhitaji maabara kubwa, nacho si cha kila zahanati. Lakini protini inayovuja kutoka kwenye figo huonekana kwa kijiti cha kupimia mkojo, kilekile ambacho wakunga hukitumia katika kliniki ya wajawazito na ambacho hutoa jibu kwa dakika moja au mbili, na mwanamke mwenye homa isiyo ya malaria, viungo vinavyouma kwa majuma na kijiti kilichogeuka rangi anapaswa kupelekwa Msambweni au Mombasa siku hiyohiyo.